«Muzee, tunatafuta vijana»

Ilikuwa siku ya kwanza ya juma, saa kumi na moja na nusu asubuhi, jua halijatoka bado. Mbele ya mulango wa kampuni moja ya sositretansi, pembeni ya Kolwezi, watu walikuwa wamekwisha kupita mia moja. Kila mutu na anvelopu yake mukononi. Ku ukuta walibandika tangazo: wanahitaji makondakta wa mashini kubwa, mafundi wa umeme, watu wa kutoboa miamba chini ya udongo. Na chini kabisa, kwa herufi nene: umri usipite miaka 35.

Muzee mumoja alikuwa namba ya tisa kwenye mustari. Jina lake nalificha, maana angali anatafuta heshima yake. Ana miaka 49. Miaka 21 ametoboa miamba chini ya udongo, kwanza na mashini ya mukono, kiisha na jumbo. Zamu yake ilipofika, kijana wa ofisi alitazama karati yake ya elekteri, akahesabu na vidole, akamurudishia.

«Muzee, samahani. Tunatafuta vijana.»

Hata anvelopu hakuifungua.

Mimi nilisimama pale kama mutu wa syndika. Muzee alinikaribia, akacheka kidogo, cheko ile ya mutu asiyetaka kulia mbele ya watoto. Akasema: «Delege, unaona? Banaisha kunizika, na miye niko muzima.»

Ndugu msomaji, ile neno imenifuata mupaka nyumbani. Njo sababu naandika.

Dhambi yangu mimi mwenyewe

Mbele ya kulaumu patroni, lazima niseme yangu. Mwisho wa mwaka 2008, bei ya shaba ilianguka vibaya sana: kutoka zaidi ya dola 8,000 kwa toni moja mupaka karibu dola 3,000 katika miezi michache. Huku kwetu Katanga, makampuni mengi yalifunga milango ao kupunguza watu. Mimi nilikuwa delege mupya, miaka 30, na moto mwingi mu kichwa. Tuliitwa kwenye meza. Patroni akasema: «Lazima watu 40 watoke. Munapendekeza nani?»

Sisi vijana tulijibu haraka: «Waanze wazee. Wao wamekwisha kula. Sisi tungali na watoto wadogo.»

Nilitia sahihi. Hakuna mutu aliyenilazimisha. Lakini sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema kinyume: watu wakitolewa wengi kwa mara moja, inafaa kutazama ufundi wa kila mumoja, miaka aliyofanya mu ile kampuni, na muzigo wa jamaa yake. Miaka mingi ya kazi ingewalinda wale wazee, na sisi tuliigeuza kuwa kisu cha kuwakata. Wazee wale walitoka. Mumoja wao njo alinifundisha kazi.

Leo niko na miaka 46. Mwaka 2020 kontra ya kampuni yetu iliisha, na sisi wote tulitoka. Nikaanza kubeba anvelopu. Miezi 14. Kule nilisikia ile neno na masikio yangu: «Muzee.» Mu Kiswahili chetu ni neno la heshima. Pale kwenye mulango lilikuwa neno la kufunga mulango.

Hii mambo ilitoka wapi?

Wazee wetu waliita Gécamines baba na mama. Kijana aliingia na miaka 18 ao 20, akajifunza kazi ndani, akapewa nyumba, hospitali, masomo ya watoto, posho. Alitoka akiwa na mvi. Umri ulimupandisha cheo. Ku miaka ya 1980 ile kampuni ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000, na ilitoa zaidi ya toni 400,000 za shaba kwa mwaka.

Kiisha yote ikaanguka. Mwaka 1990 mugodi wa Kamoto ulibomoka. Ku miaka ya 2000 uzalishaji ulishuka mupaka toni elfu chache tu. Mwaka 2003 na 2004, kwa pesa ya Banki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka katika mupango walioita «departs volontaires». Walitafutwa hasa wale wenye kufanya miaka mingi. Tangu hapo wazo moja liliingia mu vichwa vya watu: mufanyakazi wa zamani ni deni, ni muzigo, ni mutu wa kulipa ili aende.

Makampuni mapya yalikuja baada ya sheria ya migodi ya 2002. Shaba ilirudi kwa nguvu. Leo Kongo inasimama namba mbili katika dunia. Lakini kazi nyingi hazitolewi tena na mwenye mugodi. Zinapita kwa sositretansi. Kontra ya miezi mitatu, miezi sita, mwaka mumoja. Zamani mutu alitafuta kazi mara moja mu maisha yake. Siku hizi anatafuta mara tano, mara kumi. Na kila mara anarudi kwenye mulango akiwa na miaka mingi kuliko mara iliyopita.

Mahesabu ni rahisi. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 inaweka umri wa pansio kwa miaka 60, mwanaume na mwanamuke. Kama mulango unafungwa kwa miaka 35, na pansio inafunguka kwa miaka 60, kati ni miaka 25. Hiyo miaka 25 mutu atakula nini? Na pansio yenyewe inahesabiwa kwa miezi uliyolipiwa kwa CNSS. Asiyeandikwa kazi halipiwi. Kwa hiyo anapoteza mara mbili: mushahara wa leo na pansio ya kesho.

Sheria inasema nini?

Hapa nitasema ukweli, maana kumudanganya mufanyakazi ni kumutuma vitani na bunduki tupu. Katiba yetu ya mwaka 2006, kwenye kifungu 36, inasema kazi ni haki na ni wajibu mutakatifu wa kila Mukongomani. Inakataza mutu aonewe kazini kwa sababu ya asili yake, ya kuwa mwanaume ao mwanamuke, ya mawazo yake ao ya imani yake. Neno umri halimo pale. Mapatano namba 111 ya Shirika la Kazi la Dunia (OIT) inataja rangi, dini, siasa, asili. Umri pia haumo kwa jina. Kuna neno moja la OIT la mwaka 1980, namba 162, linalosema wazi kwamba mufanyakazi mwenye umri mukubwa asibaguliwe. Lakini ile ni shauri, haifungi serikali kama mapatano.

Kwa hiyo usiende pale mulangoni kupiga kelele «nitawapeleka tribinali». Kijana wa ofisi atacheka. Nguvu yetu iko mahali pengine: katika mapatano ya pamoja tunayoandika na kila kampuni, katika kudai sheria ile iliyoko ifuatwe, na katika kujitayarisha sisi wenyewe.

Mutego wa kupunguza miaka

Kuna dawa moja watu wengi wanakunywa kwa siri, na ni sumu. Ni kupunguza miaka.

Tunajuana. Mu inchi yetu karati ya elekteri inatumika kama karati ya utambulisho. Kila wakati wa enrolement, mutu anakaa mbele ya mashini na kusema: «Nilizaliwa 1982», na mama yake anajua ilikuwa 1974. Anatoka pale kijana. Anaandikwa kazi, anafurahi.

Baba mukubwa mumoja wa jamaa yangu alifanya hivyo. Alikata miaka saba. Miguu ilipoanza kumukatala, alikuwa na miaka 60 ya kweli, lakini mu makaratasi 53. Akaenda kuulizia pansio. Kule walikuta watu wawili: mumoja wa kampuni ya kwanza, mwenye tarehe ya kweli, na mwingine wa kampuni ya pili, mwenye tarehe ya uongo. Jina moja, tarehe mbili. Miezi ya kwanza haikuunganika na ya pili. Alizunguka maofisi, akauza baisikeli, akauza mabati, na alikufa mbele dosie haijafunguka. Mujane wake mupaka leo anaulizwa: «Mama, bwana yako alizaliwa siku gani?»

Ndugu zangu, tarehe ya kuzaliwa ni mali ya watoto wenu. Musiiuze kwa kontra ya miezi sita.

Mutego wa pili ni watu wa katikati. Mutu wa miaka 45 akitoka kazini na dekonti finali yake, habari inaenea mu kartie kama moshi. Anakuja bwana mwenye viatu vinavyongaa: «Yaya, kule niko na mutu wa ndani. Toa dola 500, miaka yako haitatazamwa.» Pesa inaenda, bwana anapotea. Kazi haiuzwi. Anayeiuza hana kazi ya kutoa.

Mambo ya kufanya

Haya yafuatayo nimeyajifunza kwa zile miezi 14 na kwa wandugu ambao syndika imewafuata hatua kwa hatua.

*Usitoke bila karatasi ya kazi.* Kontra ikiisha, kwa sababu yoyote, sheria inamulazimisha patroni kukupa sertifika ya kazi kwa siku mbili za kazi. Inafaa iandikwe kazi uliyofanya, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na namba yako ya pansio. Hana haki ya kuongeza neno lingine lolote, hata baya. Wengi wetu tunakimbilia dekonti na kuacha ile karatasi. Ni kosa. Mutu wa miaka 50 bila sertifika ni muzee tu. Akiwa nazo nne, ni fundi.

*Geuza CV yako kichwa chini.* Sisi tunaanza na kuzaliwa, wazazi, kijiji, shule ya musingi. Msomaji wa ofisi anachoka mbele ya kufika kwenye kazi. Anza na kile unajua: mashini gani, kazi gani, miaka ngapi, mahali gani. Kama umefundisha watu, andika wangapi. Kama ekipi yako ilikaa muda murefu bila aksida, andika, lakini iwe kweli. Tarehe ya kuzaliwa iache chini, bila kuificha na bila kuidanganya. Kurasa mbili zinatosha.

*Kubali kurudi shule.* Hapa wazee wenzangu wananuna. Lakini mashini ya leo iko na ekra, ripoti inaandikwa ku tableti. Patroni akisema «wazee hawajui teknolojia», mara nyingine anasema uongo, na mara nyingine, tuungame, anasema kweli. INPP iko tangu 1964 kwa kazi hiyo, na iko Lubumbashi na Kolwezi. Mimi niliketi mu darasa na vijana wa umri wa mutoto wangu wa kwanza. Siku ya kwanza nilisikia haya. Siku ya tatu walikuwa wananiuliza namna mugodi unavyopumua, na mimi ninawauliza namna ya kutuma dosie kwa emaili. Tulilipana.

*Tayarisha majibu matatu.* Mbele ya meza watakuuliza mambo matatu, ao watayafikiri bila kuyauliza. La kwanza ni afya. Jibu: «Munitume kwa munganga, tuone.» La pili ni mushahara. Wanaogopa utadai mingi. Jibu: «Niambieni kategori ya ile posti, tuongee kufuatana na kategori.» La tatu ni shefu kijana. Jibu: «Shefu ni shefu. Anipe amri ya kazi, mimi nitampa kazi.» Lakini usiseme hivyo kama haiko mu roho yako. Wazee wengine wanaandikwa leo, na kesho wanaita shefu «mutoto huyu». Wao njo wanatufungia mulango sisi wengine.

*Omba kupimwa kwa kazi.* Umri hauonekani wakati mutu yuko juu ya mashini. Sema kwa heshima: «Munipe nusu saa juu ya pele, kiisha muamue.» Wengi watakataa. Mumoja atakubali, na unahitaji mumoja tu.

*Usiogope munganga, na usimudharau.* Wengine wetu wanakataliwa kwa sababu ya kifua ao masikio. Ile vumbi na ile kelele hatukuzipata nyumbani. Kama munganga ameona ugonjwa uliotoka kazini, uliza karatasi na umwambie delege wako. Magonjwa ya kazi yanahusu CNSS. Kutolewa kwenye mustari na kurudi nyumbani kimya ni kumusaidia yule aliyekuharibu.

*Kumbuka watu uliowafundisha.* Mimi niliandikwa tena kwa sababu ya kijana mumoja ambaye zamani nilimuonyesha namna ya kushika kazi. Alikuwa amekwisha kuwa shefu wa ekipi. Aliposikia jina langu, alisema: «Yule njo alinifundisha.» Neno moja tu. Watu uliowafundisha vizuri ni dosie yako ya pili, na hiyo haina tarehe ya kuzaliwa.

Na nyumbani?

Kwa miezi mbili ya kwanza, nilitoka nyumbani kila asubuhi na bote zangu, ili majirani wasijue. Nilikaa chini ya muembe karibu na soko mupaka saa kumi, kiisha nikarudi nikijifanya nimechoka. Siku moja bibi yangu aliweka bukari mezani, akasema bila kunitazama: «Baba ya batoto, bote zako hazina tena udongo. Kesho ubaki, tuongee.»

Tuliongea. Tulihesabu pesa iliyobaki, tukaweka minervali ya watoto pembeni kwanza, tukapunguza mengine. Yeye aliongeza meza yake ya soko. Mutoto mukubwa njo alinipigia CV ku ordinatere. Ningelisema mapema, ningeliokoa miezi mbili. Mama zetu munaosoma hapa: bwana akipoteza kazi na miaka 45, anapoteza pia jina lake mu kartie. Musimucheke. Lakini musimuache chini ya muembe.

Vijana si adui

Najua kijana anayesoma hapa anasema: «Na sisi je? Tuko na diplome, tunaambiwa tuko bila uzoefu. Wazee waondoke!» Mwanangu, nilisema vile vile 2008. Tazama vizuri: wewe unakataliwa kwa sababu huna uzoefu, baba yako anakataliwa kwa sababu anao mwingi. Aliyeandika yale matangazo mawili ni mutu mumoja, na wote wawili munabaki inje.

Tena, chini ya udongo, uzoefu si hadisi ya jioni. Muzee aliyenifundisha alikuwa anagonga paa la mugodi na chuma mbele ya mutu yeyote kuingia. Jiwe likilia kavu, tunaingia. Likilia kama ngoma, tunatoka. Siku moja mimi sikusikia tofauti, yeye akasikia. Alinivuta na kola. Jiwe lilianguka pale niliposimama. Na huyo njo mumoja wa wale niliowatilia sahihi watoke. Penye wazee haliharibiki jambo, na mu mugodi «jambo» ni uzima wa mutu.

Kwa hiyo, katika mapatano ya pamoja, sisi watu wa syndika tunaomba mambo mane. Mustari wa umri utoke kwenye matangazo. Waandike kazi na uwezo unaohitajika. Kila anayejua kazi apimwe kwa kazi. Kila ekipi mupya iwe na fundi wa zamani mumoja, alipwe kwa kufundisha. Na waliotolewa kwa sababu ya kupunguza watu waitwe kwanza wakati kampuni inaanza tena kuandika, kama sheria inavyotaka.

Yule muzee wa miaka 49, tulirudi naye kule juma lililofuata, sertifika zote mukononi, na tukaomba kuonana na shefu wa shantie mwenyewe. Alisimama muda murefu akisoma. Kiisha akauliza: «Jumbo, unaweza kunionyesha sasa?» Muzee alivua koti yake, akanipa niishike.

Walimuandika kwa miezi sita. Si ushindi mukubwa. Miezi sita inapita, na anvelopu itarudi mukononi. Tangazo lingali ku ukuta. Lakini siku ile, mutu alifungua anvelopu mbele ya kusema hapana, na hiyo njo tunaanza kudai kwa kila mulango.

Na yule muzee wangu, wa chuma na paa? Nilienda kumutafuta Likasi. Anauza makala. Nilimwambia: «Baba, njo miye nilitia sahihi.» Akanyamaza. Kiisha akasema: «Nilijua. Ukae, tukule kwanza.»